Maswali ya Wasomaji: Nyuzi Zinazoifaa Besi Yenye Sauti Kali

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga besi wa bendi. Besi yangu ina nyuzi nne, pikapu mbili (vinasa sauti vya sumaku) na saketi ya betri ndani, na nimeifunga nyuzi za raundi, yaani zilizozungushiwa waya wa duara, za chuma kisichoshika kutu, saizi 45 hadi 105. Nikiwa peke yangu sauti yake inanifurahisha, lakini tukianza kupiga wote, noti zangu zinagombana na matoazi na gitaa la rizimu, uzito wa chini hausikiki, na kila kidole kinapohama mkwaruzo wa nyuzi unatoka kwenye spika. Nimeshusha trebo, yaani sauti za juu, ya amplifaya hadi mwisho, sauti ikafifia na kukosa nguvu. Mwenzangu mmoja ananishauri ninunue nyuzi nene zaidi, mwingine anasema nifunge flati, yaani nyuzi zenye uso laini, na fundi wetu wa sauti anaona heri nibadilishe gitaa. Nifuate ushauri upi?

JIBU: Ndugu msomaji, gitaa lako usilibadilishe. Ushauri wa flati ndio ulio karibu zaidi na ukweli, ingawa si lazima uanzie huko, na ushauri wa nyuzi nene ndio utakaokugharimu bila kukutatulia tatizo. Besi yenye sauti kali inazipokea nyuzi tulivu vizuri kuliko besi nyingine yoyote, kwa sababu uzi unapopunguza ukali, gitaa lenyewe linabakiza ukali wa kutosha kuifanya kila noti isikike wazi pale inapoanzia. Nyuzi hizohizo ukizifunga kwenye besi ambayo tangu mwanzo sauti yake ni nzito, utapata mvumo ambao msikilizaji hawezi kuzitenganisha noti zake. Una nafasi pana ya kuchagua, basi, kuliko wenye besi za sauti nzito.

Ukali unaoulalamikia hautoki mahali pamoja. Pikapu iliyo karibu na briji, yaani kipande cha mwilini kinachoshika mwisho wa nyuzi, hunasa uzi mahali ambapo noti mama haijatikisika sana, wakati milio midogo ya juu inayoandamana nayo, ambayo wanamuziki huiita hamoniki, inasikika kwa nguvu. Saketi ya betri nayo inazipeleka sauti za juu hadi kwenye amplifaya bila kuzipoteza njiani, na mara nyingi ina kinobu cha kuziongeza zaidi. Juu ya hayo umeweka chuma kisichoshika kutu, ambacho ndicho kikali kuliko vyote vinavyotumika kuzungushia nyuzi za besi. Kila kimoja peke yake kingevumilika, ila vikijumlika sauti yote inahamia juu, na huko ndiko matoazi na gitaa la rizimu waliko.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, fanya jaribio lisilogharimu kitu. Rudisha vinobu vyote vya saketi katikati, punguza pikapu ya briji kwa karibu theluthi moja, kisha upige vidole vyako karibu na mwisho wa shingo badala ya karibu na briji. Kuipunguza pikapu moja kuna faida nyingine: pikapu mbili zikifunguliwa sawasawa, baadhi ya sauti za katikati zinafutana, na sauti za katikati ndizo zinazoifanya besi isikike ndani ya bendi. Wapiga besi wengi hudhani wamekosa sauti za chini ilhali walichokosa ni hizo za katikati. Jaribu hivyo mkiwa bendi nzima, wala usijaribu chumbani peke yako, kwa sababu sauti inayopendeza chumbani mara nyingi ndiyo inayopotea mbele ya ngoma. Ikiwa hapo tatizo limepungua nusu lakini mkwaruzo na mng'ao wa chuma bado upo, ujue kilichobaki ni cha nyuzi.

Huenda unajiuliza kwa nini trebo ya amplifaya haikukusaidia, na jambo hili linahitaji kueleweka vizuri. Kinobu cha trebo kinapunguza sauti za juu muda wote, tangu kidole kinapogusa uzi hadi noti inapokwisha, na hivyo kinafuta hata ule mguso wa mwanzo unaomwambia msikilizaji kwamba noti imepigwa. Uzi wenyewe haufanyi kazi hivyo. Uzi wa flati unatoa mguso wake wa mwanzo, kisha hamoniki zake za juu zinazimika haraka na kuiacha noti mama iendelee, ilhali uzi wa raundi wa chuma unaziacha hamoniki hizo ziimbe kwa muda mrefu juu ya noti. Ni mng'ao huo mrefu unaogombana na matoazi, nao hauwezi kuondolewa kwa kinobu bila mguso wa mwanzo kuondoka nao.

Sasa tuutazame uzi kwa karibu. Kila uzi wa besi una kiini cha waya wa chuma, na juu yake umezungushiwa waya mwingine ili uwe mzito kiasi cha kushuka hadi noti za chini. Uzi wa E, yaani ule mnene kabisa, wa besi ya nyuzi nne hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na waya mtupu usingeweza kufika huko bila kuwa mgumu kama fimbo. Umbo la waya huo wa nje ndilo linaloamua mengi kuliko kitu kingine chochote. Ukiwa wa duara, uzi unakuwa na migongo midogo unayoisikia ukipitisha ukucha juu yake, unapinda kwa urahisi na kutoa hamoniki nyingi: hizo ndizo raundi. Waya wa nje ukiwa bapa kama utepe, uso wa uzi unakuwa laini kabisa, uzi unakuwa mgumu zaidi kupinda, na hamoniki za juu zinakufa mapema: hizo ndizo flati. Kati ya hizo mbili kuna nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara kisha zikasagwa au kugandamizwa migongo yake mpaka ikapungua, na sauti yake nayo imekaa katikati. Zipo pia zenye utepe wa nailoni nje, ambazo ni laini mno na sauti yake inaelekea kwenye besi kubwa ya kusimama. Kwa kuwa nailoni haivutwi na sumaku, pikapu inasikia chuma kilicho ndani tu.

Baadhi ya watu wanaziogopa flati wakidhani ni nyuzi za muziki wa zamani pekee. Ni kweli kwamba besi za umeme zilianza nazo. Kampuni ya magitaa ya Fender ilipotoa besi ya Precision mwaka 1951, nyuzi laini ndizo zilizokuwa za kawaida, na James Jamerson, ambaye mistari yake ya besi imebeba nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown zilizorekodiwa Detroit, alipiga Precision ya mwaka 1962 yenye flati nene za La Bella ambazo hakupenda kuzibadilisha. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1966, pale John Entwistle wa bendi ya The Who aliposhirikiana na kampuni ya Rotosound ya Uingereza kutengeneza raundi za chuma zilizompa mlio wa kinanda aliokuwa anautafuta, na tangu hapo raundi zikawa nyuzi za kawaida za besi nyingi zinazouzwa. Lakini umsikilize Steve Harris wa Iron Maiden: yeye anapiga Precision yenye flati, anazibadilisha mara kwa mara zikiwa bado mpya, na besi yake inasikika wazi na yenye makali katikati ya magitaa ya roki yenye kelele nyingi. Flati mpya juu ya besi inayoelekea ukali, ikipigwa kwa mkono wenye nguvu, haina ububu wowote.

Baada ya umbo inafuata aina ya chuma. Raundi za chuma kisichoshika kutu ndizo kali kuliko zote, ni ngumu chini ya vidole, na kwa ugumu wao zinazimaliza freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopangwa shingoni, mapema. Raundi za chuma kilichopakwa nikeli zinapunguza ukali kidogo na kulainisha mguso. Hizi ndizo zilizo nyingi madukani. Raundi za nikeli tupu zinashusha ukali zaidi, zinaongeza sauti za katikati, na mkwaruzo wake wa vidole ni mdogo. Kwa kuwa nikeli haiitikii sumaku kwa nguvu kama chuma, sauti yake hutoka chini kidogo, jambo ambalo utalirekebisha kwa kuinua pikapu kidogo au kuongeza sauti ya amplifaya.

Kuhusu nyuzi nene, mwenzako amekusudia mema lakini amechanganya mambo mawili. Namba zile za kwenye pakiti ni sehemu za elfu moja za inchi, kwa hiyo uzi wa 45 una unene wa milimita 1.14 na wa 105 una milimita 2.67. Uzi mnene, kwa urefu uleule na noti ileile, unahitaji kukazwa kwa nguvu zaidi, na matokeo yake ni noti mama yenye nguvu na uzi usioyumba ukipigwa kwa kishindo. Hilo ni zuri kwa anayelitaka, lakini chuma cha nje kikiwa kilekile na umbo lilelile, mkwaruzo na mng'ao vinabaki, na juu yake unapata vidole vinavyochoka na shingo inayovutwa zaidi. Tena namba peke yake haikuambii ugumu wa uzi. Flati za Jazz za Thomastik-Infeld zenye saizi 43 hadi 100 ni laini chini ya vidole kuliko raundi nyingi zenye namba zinazokaribiana nazo, ilhali flati za aina ya Jamerson, zenye saizi 52 hadi 110, zinahitaji mkono uliozoea. Ikiwa pakiti au tovuti ya mtengenezaji inaonyesha mkazo wa kila uzi, soma huo kabla ya kusoma unene.

Ushauri wangu kwako ni huu. Anza na raundi za nikeli tupu, saizi ileile uliyoizoea ya 45 hadi 105 au iliyo karibu nayo. Hazitaisumbua shingo sana, utaendelea kupiga kwa mtindo wako wa sasa, na ikiwa unapiga kwa kidole gumba, yaani ile staili ya kugonga na kuvuta, bado zitakuitikia, jambo ambalo flati nyingi hazilifanyi vizuri. Zicheze kwa saa kadhaa kabla ya kuzihukumu, maana kila uzi mpya huwa na ukali wa siku za mwanzo ambao haudumu. Iwapo baada ya hapo mkwaruzo bado unakukera, au nyimbo zenu zinataka besi inayoshika mdundo kuliko inayong'aa, funga flati zenye mkazo wa wastani na urudishe pikapu ya briji kidogo ili mguso wa mwanzo usipotee. Binafsi naamini besi kama yako hatimaye itatulia kwenye flati, lakini mpiga besi anayetoka kwenye chuma kikali na kuhamia flati siku moja mara nyingi huzikatia tamaa kabla sikio halijazoea, na ndiyo maana nimekuelekeza kupitia nikeli.

Nyuzi zilizosagwa nimezitaja lakini sikushauri uanze nazo. Ni nzuri kwa anayejua tayari kwamba raundi zimemzidi na flati zimempungukia. Kwa ambaye hajazijaribu hizo mbili, hazimwambii kitu.

SWALI: Mhariri, raundi zangu zikiwa mpya siwezi kuzivumilia kwa ukali, lakini zikizeeka sauti yake inanipendeza sana. Je, kuna ubaya gani nikiziacha bila kuzibadilisha kabisa, kama alivyofanya Jamerson?

JIBU: Ndugu msomaji, sauti unayoipenda inatokana na jasho, mafuta ya ngozi na vumbi vilivyojaa katikati ya migongo ya waya na kuuzuia uzi usitikisike kwa uhuru, pamoja na chuma chenyewe kuchoka. Kwa muda fulani matokeo yake ni utulivu mzuri, na wapo wapiga besi wanaouthamini utulivu huo kwa haki. Shida ni kwamba uchafu haugawanyiki sawasawa kwenye urefu wote wa uzi. Mahali ambapo vidole vyako hukaa zaidi panakuwa pazito kuliko kwingine, na chini ya uzi zinatokea alama bapa mahali unapokandamizwa juu ya freti. Uzi wa namna hiyo unaanza kusema uongo: unauweka sawa ukiwa wazi, lakini ukibana freti ya saba au ya tisa noti inatoka pembeni, na hakuna marekebisho ya briji yatakayoiponya. Jamerson alipiga flati, na kwa kuwa uso wa flati ni laini, uchafu hauna mahali pengi pa kujificha, hivyo nyuzi hizo zinaweza kukaa miaka zikiwa bado zinasema ukweli.

Kwa hiyo sauti ya raundi zilizozeeka ukiitaka ya kudumu, funga raundi za nikeli tupu au flati. Na ukitaka kuongeza maisha ya zile ulizonazo, zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, ukipitisha kitambaa hata upande wa chini wa uzi, kwani huko ndiko jasho linakobaki. Wako wanaozivua nyuzi na kuzichemsha au kuziloweka kwenye spiriti ili kuondoa uchafu; ukali unarudi kwa kiasi, lakini kwa mtu anayeukimbia ukali kazi hiyo haina maana.

SWALI: Nimenunua flati ili kutuliza besi yangu yenye sauti kali. Naogopa kuharibu shingo au kuukata uzi vibaya. Nifuate utaratibu gani?

JIBU: Kwanza hakikisha urefu. Besi nyingi zina urefu wa inchi 34 kati ya nati ya shingo, yaani kile kipande chenye mifereji midogo kinachopitisha nyuzi, na vijitandiko vya briji, lakini zipo za inchi 30, 32 na 35, na pakiti ya nyuzi huandikwa kwa kuzingatia hilo. Kama besi yako inapitisha nyuzi kutokea nyuma ya mwili, unahitaji nyuzi ndefu zaidi, na uulize kwanza kama mtengenezaji anaruhusu flati zake zipitishwe huko, kwa sababu flati hazipendi kupindwa kwa ghafla. Ule uzi wa hariri uliosokotwa kwenye ncha ya juu unapaswa kuanzia ng'ambo ya nati, upande wa vigingi vya kukazia nyuzi, wala usikae juu ya nati wala upande wa freti.

Badilisha uzi mmoja baada ya mwingine, ili shingo isibaki bila mvuto hata kidogo. Uvute uzi mpya hadi kwenye kigingi chake, uupitishe mbele kwa sentimita 10 hivi, kisha uukunje pembe mraba mahali utakapoukata, na ukate baada ya mkunjo huo. Mkunjo unafunga waya wa nje juu ya kiini. Ukikata bila kukunja, hasa kwenye nyuzi zenye kiini cha duara, waya wa nje unaweza kulegea na uzi ukafa siku hiyohiyo. Ncha iliyokunjwa iingize kwenye tundu la kigingi, na uuzungushe uzi mizunguko miwili au mitatu ikishuka chini, bila kuusokota uzi wenyewe.

Ukishazikaza nyuzi zote hadi noti zake, liache gitaa usiku mzima, kisha utazame shingo. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na kwenye ile ya mwisho, halafu uangalie nafasi kati ya uzi na freti ya saba; karibu milimita 0.3 inatosha wapiga besi wengi. Ikiwa nafasi ni kubwa, shingo imevutwa mbele na mkazo mpya, na chuma cha ndani ya shingo kinatakiwa kukazwa kwa robo mzunguko, si zaidi, kisha usubiri na upime tena. Ikiwa hakuna nafasi kabisa na nyuzi zinanguruma juu ya freti, kilegeze kwa kiasi hichohicho. Chuma kikikataa kuzunguka, usikilazimishe, mpelekee fundi.

Maliza kwa kulinganisha noti ya freti ya 12 na hamoniki ya mahali hapohapo kwa kutumia tyuna, yaani kipimo cha noti. Noti uliyobana ikitoka juu kuliko hamoniki, sogeza kijitandiko nyuma kuelekea mwisho wa briji. Ikitoka chini, kisogeze mbele. Flati zikiwa nene kuliko nyuzi zilizotoka, tazama pia kama uzi wa E unakaa vizuri ndani ya mfereji wake kwenye nati, maana mfereji ukiubana, uzi utanyanyuka na kurudi kwa mlio mdogo wa kukwama kila unapoukaza, na dawa yake ni fundi kuupanua mfereji huo kidogo kwa tupa ya saizi yake.